Saa Kumi ya Boke

Boke hakuwa mtu wa kukurupuka, ndiyo maana kamati ya mtaa ilimkabidhi spika ya mkononi. Kipima maji kilichofungwa kule juu ya kijito kikituma ujumbe kwenye simu yake, yeye huwatangazia watu wa bondeni, chini ya soko la Mugumu. Mara tatu alitangaza, mara tatu maji yakaja.

Asubuhi hiyo ujumbe, kwa mara ya kwanza, ulitaja saa: "Tahadhari. Mafuriko bondeni 10:00." Akapita akitangaza saa kumi jioni. Watu wakashukuru, wakaendelea na kazi zao.

Alikuwa nyumbani anachambua maharage alipotazama simu ajue muda. 9:41. Yaani saa tatu na dakika arobaini na moja. Mashine haihesabu saa kama sisi. Kumi yake ni saa nne asubuhi.

Akatoka mbio pekupeku, akitangaza kwa spika kwamba maji yanakuja sasa hivi. Jua lilikuwa linawaka, na watu walipanda kwa kusuasua, wengine wakimcheka. Mzee Maftah, fundi cherehani mwenye mguu mbovu, hakusogea. Banda lake lilikuwa ukingoni kabisa.

"Leo hata shikamoo hakuna?"

"Maji yanakuja sasa hivi, mzee. Twende."

"Si umesema saa kumi? Nina sare za kumaliza."

"Ujumbe umebadilika," Boke alidanganya.

Mzee akaomba simu, akavaa miwani taratibu, akasoma. "Kumi kamili. Si ileile?"

Boke alitamani kulia. Imani ya watu kwake ndiyo iliyokuwa inataka kumuua mzee huyu.

"Nimekosea, baba. Nilisoma vibaya. Ni saa nne asubuhi, na saa nne ndiyo hii."

Mzee Maftah akaachia kitambaa. Boke akambeba mgongoni, akapanda naye ngazi za udongo. Walipofika juu mngurumo wa maji ukapita chini yao, na banda likaenda na cherehani yake.

Watu wakamzunguka wakimpongeza. "Boke ametuokoa tena," alisema Werema, muuza mitumba, na wengine wakapiga makofi.

Mzee, akiwa amekaa chini anahema, akamvuta upindo wa khanga.

"Waambie," akasema kwa sauti ya chini. "Wasije wakafa kwa kukuamini."

Boke aliwatazama wote wale waliokuwa wakimpigia makofi. Akawasha spika.