Kizibo cha Sita

Mwalimu mkuu wetu, Ishengoma, ni mtu mwema, ila jambo likishamkaa kichwani hata greda halilitoi. Novemba alipoingia katika darasa langu la awali kupima nani yuko tayari kwenda darasa la kwanza, alimwaga vizibo vya soda mezani na kumtaka kila mtoto amhesabie vitano. Ilipofika zamu ya Queen, mtoto akahesabu, akamsukumia sita.

"Nipe vitatu."

Akapewa vinne.

"Haya, vinane."

Akapewa tisa.

"Huyu hajui kuhesabu, Mwalimu Justa," akaniambia, na mtoto mwenyewe anasikia. "Abaki awali mwaka mwingine. Wenzake waende."

Nilikasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hesabu ilikuwa upande wake. Sita ni sita. Lakini Queen huyu ndiye hugawa vikombe vya uji na hakuna mtoto anayekosa. Mama yake, Kashindye, anauza nyanya sokoni Buhongwa. Alipokuja kumchukua nikampa habari, hakubisha hata kidogo.

"Sawa, mwalimu. Hata mimi shule sikuiweza," alisema, akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Maneno yale yaliniuma kuliko ya Ishengoma.

Sasa, mimi nina tabia ambayo walimu wenzangu huicheka. Watoto wakicheza kwenye kona za darasa nawapiga picha kwa simu, na analosema mtoto naliandika kama lilivyotoka kinywani mwake, bila kulinyoosha. Ijumaa wakishaondoka nakaa kwenye kile kiti kidogo kinachonibana makalio, nazitazama picha tena. Najiuliza huyu alikuwa anafanya nini hasa, na mimi nilikuwa nafanya nini wakati huo. Zile nzuri nazipeleka steshenari zikachapwe, kisha nazibandika ukutani, chini, watoto wanapofikia kwa macho. Ishengoma huziita mapambo.

Ijumaa hiyo nilitafuta picha za Queen peke yake. Karibu zote alikuwa kwenye kona ya duka la kuchezea, amekaa nyuma ya kipande cha kanga, vizibo vimepangwa kwa mafungu: vinne chini, kimoja juu. Pembeni ya kila fungu kilikuwapo kizibo kimoja cha peke yake. Picha moja ningesema kimeanguka. Picha zote, hapana.

Jumatatu sikumuuliza swali la mwalimu. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka mbele ya duka lake.

"Karibu mteja," akasema.

"Nyanya zako nzuri, dada. Zimetoka wapi?"

"Sengerema."

"Basi nipe tano."

Akahesabu kwa sauti mpaka tano, akazitia kwenye kiganja changu. Kisha akachukua ile ya pembeni, akaiweka juu.

"Mbona zimekuwa sita?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Umenunua tano. Hii nimekuongeza."

"Kwa nini unaniongeza?"

"Ili urudi. Ukiondoka na huzuni, kesho utanunua kwa mama Chenge."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na furaha niliyokuwa nayo sikuweza hata kuificha. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Ishengoma, mtu ambaye soko zima linamjua kwa kutobanduka kwenye meza mpaka aongezewe kitunguu. Nilimkumbusha hilo. Akanuna, lakini akaja.

Akachuchumaa kwa taabu mbele ya kanga. "Nipe tano."

Akapewa sita.

"Na kama sitaki nyongeza?"

Queen akasita. Akakiondoa kizibo cha juu taratibu. "Tano hizi. Lakini wewe hutarudi."

Ishengoma akaomba nane, akapata nane. Akaomba kumi na mbili, akapata kumi na mbili. Akainuka akijipangusa magoti.

"Aende darasa la kwanza," akasema. Mlangoni akageuka. "Zile sita lakini zilikuwa nzuri zaidi."

Mchana mama Queen alipokuja, nilimwita mpaka ukutani. Alikuja kwa hofu, kanga kaikamata kwa mikono miwili, akidhani kuna kesi nyingine. Nikamwambia kwanza kwamba mwanawe anakwenda na wenzake. Kisha nikamwonyesha picha ya Queen na mafungu yake, niliyoichapisha Jumamosi, nikamsomea maneno niliyoandika chini yake asubuhi ile: ukiondoka na huzuni, kesho utanunua kwa mama Chenge.

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya maneno ni yangu," akasema. "Nayasema kila siku pale mezani." Akaigusa picha kwa kidole. "Kumbe na mimi nafundisha, mwalimu."