Simu ya Baba Husna

Mbaruku alikuwa mtu wa sauti. Dukani kwake Gerezani, alikouza vipuri vya magari, wateja walimsikia kabla hawajamwona, na kwenye maulidi ya mtaa ndiye aliyeachiwa kaswida ndefu, zile zinazotaka pumzi. Kwa hiyo kiharusi kilipompata, Shamsa mkewe hakulia kwa ajili ya mkono wa kulia uliolegea wala mguu uliokuwa ukiburuta. Alilia siku alipomuuliza kama anataka maji, naye akafungua kinywa, akahangaika, akajibu, "Kesho."

Neno hilo moja ndilo lililombakia. Maji yalikuwa kesho, maumivu kesho, na salamu za binti yao Husna aliyeolewa Tanga nazo zilikuwa kesho. Akili yake ilikuwa nzima, daktari alisema hivyo, ila njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoziba. Shamsa akajifunza kusikiliza namna neno lilivyotamkwa, maana neno lenyewe halikumwambia kitu.

Pale hospitali palikuwa na dada anayefundisha wagonjwa kuongea upya. Alimuuliza Shamsa kama mzee alikuwa anaimba.

"Maisha yake yote."

"Basi mtafutie alichoimba mwenyewe, mama. Kuna wagonjwa neno linagoma kusemwa lakini linakubali kuimbwa. Akisikia sauti yake huenda akaifuata."

Sauti hiyo ilikuwepo. Kila alipojifunza kaswida mpya, Mbaruku alijirekodi kwenye simu akiwa sebuleni. Tatizo ni kwamba simu alikuwa nayo mkononi siku alipoanguka bafuni, ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, na kwa kizaazaa cha siku ile hakuna aliyeikumbuka hadi asubuhi. Haikuwaka tena. Shamsa mwenyewe alitumia kitochi cha kupiga na kupokea, hakuwa na hata kipande cha sauti ya mumewe.

Akaifunga simu kwenye kanga, akatoka Mchafukoge kwa miguu hadi Kariakoo, kwenye mtaa ule wa mafundi simu. Fundi wa kwanza aliigeuza geuza akasema ataiflashi, aipakie programu upya, itakuwa kama imetoka dukani.

"Na sauti zilizomo zitabaki?"

Yule kijana akamrudishia simu. "Hapo sitakudanganya, mama. Zitafutika zote. Mwone Angelina, fremu ile ya mwisho. Yeye ndiye mtu wa bodi, mitambo ya ndani."

Angelina alikuwa binti mwembamba aliyevaa miwani ya kukuzia vitu vidogo, ameisukumia kwenye paji la uso. Alimwamkia, akampa stuli, akaisikiliza habari yote bila kumkatiza. Kisha akaifungua simu na kuichungulia.

"Imeshika kutu, lakini nimeona mbaya kuliko hii."

"Huwezi kuichomoa hiyo sehemu inayotunza vitu ukaihamishia kwenye simu nyingine?"

"Zamani tulifanya hivyo. Simu za siku hizi kila kilichomo kimefungwa, na ufunguo wake unatunzwa na kidude kidogo sana kilichomo kwenye bodi hii hii. Nikiichomoa sehemu hiyo nikaipeleka kwingine, inakuwa kitu kisichosomeka. Sina budi niifufue bodi yenyewe. Na hata ikiwaka, itataka mwenye simu achore mchoro wake wa siri, ule wa kuunganisha vidoti."

"Hata wewe fundi haikuachii?"

"Hata aliyeitengeneza haimwachii. Ukibahatisha, kila ukikosea inakusubirisha zaidi." Angelina akaiweka simu mezani. "Sasa mama, usinielewe vibaya. Mwenye simu yuko wapi?"

"Nimekwambia. Nyumbani, hawezi kuongea."

"Ningependa nimwone."

Shamsa alihisi uso unamwaka moto. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuipekua simu ya Mbaruku, wala kumuuliza mchoro wake, na leo binti wa umri wa mwanawe anamtilia shaka. Akanyanyuka kwenye stuli. Angelina naye akasimama.

"Kila siku naletewa simu na watu wenye hadithi nzuri, mama. Nyingine ni za kweli. Nyingine mwenye simu yuko kituo cha polisi anatoa taarifa. Siwezi kukujua kwa kukuangalia tu. Niachie niitengeneze, na ikiwaka nitakuletea mwenyewe nyumbani. Nikimwona mzee, basi."

Shamsa alitaka kuichukua simu yake aondoke. Kisha akafikiria kama ingekuwa imeibwa, na Mbaruku yuko mahali hana hata neno la kuidai. Angetamani fundi gani aipokee? Akaketi tena, akamwelekeza nyumba.

Angelina alikuja wiki iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, amebeba simu kwenye kiboksi chenye pamba. Mbaruku alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kanzu safi, ndevu zimechanwa.

"Shikamoo baba."

Mbaruku akahangaika na midomo. "Kesho," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitikia nayo marahaba.

Angelina hakucheka wala hakutazama pembeni. Alipiga goti mbele yake akamwonyesha simu imewaka, na macho ya mzee yakajaa machozi papo hapo.

Shamsa alikuwa amejiandaa kukiweka kidole cha mumewe kwenye simu ili ifunguke, lakini Angelina akasema kidole hakifai simu ikiwa imewaka upya, inataka mchoro kwanza. Basi Shamsa akavuta kigoda karibu na mumewe.

"Baba Husna, wanasema sauti yako ya humu itakusaidia. Lakini ni simu yako. Kama kuna usichotaka nikione, tikisa kichwa, tutaizima na sitakuuliza."

Mbaruku hakutikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

Simu ikakataa. Akajaribu tena, kidole kikapotea njia katikati ya vile vidoti. Mara ya tatu ilipokataa, lile neno lake likamtoka mfululizo, kwa hasira.

"Pole pole, baba," Angelina akasema. "Ulikuwa unaishika kwa mkono gani?"

Shamsa alijua. Alikuwa amemwona akifanya hivyo maelfu ya mara akisubiri chai, simu kwenye kiganja cha kulia, dole gumba likicheza lenyewe huku macho yako kwingine. Akaunyanyua mkono ule mzito, akauegemeza kwenye paja lake, akaiweka simu kiganjani na kukishikilia kifundo kwa mikono yake miwili. Angelina akageukia dirishani. Shamsa naye akainamisha macho.

Alichokihisi ni mshipa wa kifundo ukicheza chini ya vidole vyake. Dole likaenda, likakwama, likaenda tena. Kisha simu ikafunguka.

Walizikuta kaswida zote. Shamsa alichagua moja kwa kubahatisha, na sebule ikajaa Mbaruku: pumzi ndefu, kikohozi kidogo, halafu sauti yenyewe. Katikati ya ubeti sauti ikasita, na kwa mbali, jikoni, mwanamke akamtajia neno alilosahau, sufuria zikigongana. Alikuwa Shamsa. Kila aliposita, yule mwanamke alimpa neno, naye akaendelea. Shamsa hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa akirekodiwa, na wala hakukumbuka kwamba alizijua kaswida zile zote.

Kwenye kiti, midomo ya Mbaruku ilianza kusogea. Shamsa akaizima sauti ya simu, akamwanzishia mstari mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa akifanya kutoka jikoni. Akaacha neno la mwisho.

"Rehema," Mbaruku akaimba. Lilitoka limepinda, lakini lilitoka.

Angelina alijifuta macho kwa mkono wa gauni. Baadaye, wakinywa chai, alijitolea kuuondoa ule mchoro ili mama awe anaifungua simu bila shida wakati wa mazoezi. Mbaruku akatikisa kichwa, kwa nguvu. Shamsa akaitazama chai yake. Ilimuuma, ingawa alishajiambia kwamba mtu ana haki ya mlango wake.

Lakini Mbaruku hakuwa amemaliza. Kwa mkono wa kushoto aliivuta simu, akamgusa Angelina bega, akamwonyesha alama ya kidole nyuma ya simu. Kisha akakamata kidole gumba cha mkewe akakiweka pale.

"Anataka kukuingiza wewe, mama," Angelina akasema. "Mlango ubaki, na wewe uwe na ufunguo."

Kazi haikuwa rahisi. Dole la Shamsa lilikuwa limesuguliwa na miaka ya mbuzi ya nazi na majivu ya kusugulia sufuria, na simu haikuona alama yoyote. Walijaribu la kulia, wakajaribu la kushoto, wakakifuta kidole kwa kanga, wakakipaka mafuta, simu inakataa tu. Mbaruku alianza kucheka, kicheko chake kile cha dukani, ambacho kiharusi hakikukigusa. Shamsa naye akashindwa kujizuia. Mwishowe simu ilikubali kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakikuwahi kusugua kitu.