Kijiji Kilichokatwa kwa Wino Mwekundu

Mama mdogo Bronia alipotimiza miaka tisini na mitatu nilimuuliza anataka zawadi gani, akaniomba kijiji.

"Shali ninazo mpaka kabati halifungi," alisema. "Wewe Lodzia umestaafu posta, huna mume, huna kuku wa kulisha. Nitafutie baba yangu alitoka wapi. Nataka nijue kabla sijafa, na usinicheleweshe, maana muda wa kuchezea sina."

Mtu mwingine angemwona bibi mkorofi. Mimi nilimwelewa. Katika mtaa wetu wa Wapolandi hapa Buffalo, kila familia ilikuwa na kwao, hata kama hakuna aliyebaki anayepakumbuka. Siku ya Kupalizwa Bikira Maria, padri akishabariki mashada ya maua na majani, meza zilipangwa uani na watu walikaa kijiji kwa kijiji, wakitaniana ni kijijini kwa nani walikula viazi bila chumvi. Babu yangu, Wincenty Gawlik, hakuwa na meza. Alisimama karibu na pipa la bia na kusema yeye ni wa Krakow. Watu wa Krakow walipomuuliza upande gani, alianza kukohoa. Kwa hiyo Bronia, msichana wa miaka minane, alikula pierogi zake, vile viandazi vya kujazwa viazi, pamoja na wajane. Miaka themanini na mitano imepita na bado hulisimulia kama la jana.

Babu alikuwa na sababu. Aliingia Amerika mwaka 1907 akilikimbia jeshi la Kaizari wa Austria, aliyetawala kwao wakati huo. Kaizari alikufa, ufalme wake ukasambaratika, lakini babu aliamini hadi siku ya mwisho kwamba kuna karani mahali fulani bado anamtafuta. Kila alipoulizwa kwa maandishi, alijibu neno moja. Orodha ya abiria wa meli: Galisia, yaani jimbo zima la ufalme ule. Kitabu cha ndoa cha parokia yetu: Galisia. Ni sawasawa na mtu kuulizwa kwao wapi akajibu, bara.

Mama yangu, dada yake Bronia, ndiye aliyeanza kutafuta, mwaka 1983. Aliwaandikia mapadri wa parokia arobaini, akiuliza kama wanaye Wincenty Gawlik aliyezaliwa karibu na mwaka 1884. Wengi hawakujibu. Padri wa Lipina Sucha alijibu kwa mwandiko safi kabisa: ndiyo, yupo, mtoto wa Jan na Regina, alibatizwa 1884, lakini alifariki kwa dondakoo akiwa na miaka miwili, poleni sana. Mama akachukua kalamu nyekundu, akaikata Lipina Sucha kwenye ramani, akaendelea na vijiji vingine mpaka alipofariki. Nikarithi ramani, nikarithi na kalamu. Kwa miaka kumi nimekuwa nikikata vijiji kwa hasira, nami hasira zangu ziko karibu, sikatai. Hakuna kinachoniudhi kama mwandiko wa padri aliyeandika ubatizo baada ya chakula cha mchana na kileo.

Mwaka huo alioniomba Bronia, parokia yetu ilitangazwa kufungwa. Karani wa ofisi, Bi. Eugenia, akanipigia simu niende nikachukue chochote cha familia yangu kabla ya makuli kufika. Nilipopita kanisani nikakutana na harufu ileile ya nta na kabichi, nikataka kulia kabla sijavua koti. Mule ndani ndimo nilimobatizwa, na mule ndimo tulimomuaga mama yangu.

Ofisini, kwenye rafu ya chini, kulikuwa na maboksi ya viatu yaliyojaa kadi za Novemba. Kwetu, kila mwezi huo, kila familia huandika majina ya marehemu wake na padri huyasoma kwa sauti kanisani ili waombewe. Padri mmoja wa zamani, ambaye inaonekana hakutupa kitu maishani mwake, alizitunza zote. Bi. Eugenia alichomoa kadi ya Gawlik ya mwaka 1921, akavaa miwani, akaangua kicheko.

"Lodzia, njoo uone! Jan, Regina, Franciszka, Wincenty. Babu yako alikuwa anajiombea mwenyewe! Mzima wa afya, bia mkononi, na yumo kwenye orodha ya marehemu!"

"Labda alikuwa amelewa alipoandika."

"Akalewa miaka thelathini mfululizo? Hii ya ishirini na mbili, Wincenty. Ishirini na tatu, Wincenty. Huyu mzee alikuwa mjanja, kajiwekea akiba ya sala mapema."

Alicheka mpaka akakaa. Mimi nilikuwa nimeshaichukua ile kadi mkononi mwake. Jan na Regina. Majina hayo nilikuwa nimeyasoma mahali.

Nilirudi nyumbani nikaipekua droo ya mama mpaka nikaipata barua ya padri wa Lipina Sucha. Jan na Regina, wazazi wa mtoto aliyekufa. Nilikaa kitandani nikajiita mjinga kwa lugha zote mbili ninazozijua. Kwetu mtoto akifa, jina lake haliendi naye kaburini. Hupewa mdogo wake atakayezaliwa baada yake. Hakuna Mpolandi asiyelijua hilo. Bronia mwenyewe ni Bronia wa pili. Wa kwanza amelala makaburini chini ya jiwe dogo, na mama mdogo maisha yake yote amekuwa akipeleka mshumaa kwenye kaburi lenye jina lake. Hata hivyo sisi sote, mama, padri na mimi, tulipoona Wincenty amekufa, tulifunga kitabu.

Niliagiza picha za vitabu vya parokia hiyo kupitia maktaba, zikachukua wiki tano. Februari 1886, kwenye vifo: Wincenty, miaka miwili. Nikaenda kwenye ubatizo, nikafuata mistari kwa kidole. Novemba ya mwaka uleule, nyumba nambari 31, Jan na Regina Gawlik, mtoto wa kiume, Wincenty. Huyo ndiye babu yangu, na yule aliyekuwa akimwombea kila mwaka ni kaka yake ambaye hakuwahi kumwona. Nililia pale maktabani bila kuona haya.

Bronia nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilimweleza kila kitu.

"Lipina Sucha," alisema polepole. "Si tuliikata hiyo?"

"Tuliikata."

"Nani aliikata?"

"Mama."

"Dada yangu na haraka zake! Tangu utotoni, hata supu alikuwa hangoji ipoe." Akaweka kisu chini. "Na mimi je? Mimi Bronia wa pili, nimekaa hapa miaka yote hii na sikuwaza. Kichwa cha kabichi." Kisha akajifuta mikono. "Piga simu."

"Kwa nani?"

"Kwa padri wao. Kule sasa ni mchana."

Namba niliipata. Aliyepokea ni mwanamke, mtunza nyumba ya padri. Kipolandi nakielewa, ila nikikizungumza ni sala na matusi, katikati hamna kitu, kwa hiyo Bronia akaninyang'anya simu. Ameiweka sauti ya juu kabisa kwa sababu ya masikio yake, hivyo nilisikia kila neno.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Nani mwenzangu?"

Bronia akaanza hotuba yake: anaitwa nani, anapiga kutoka Amerika, kuna vitabu, kuna mwaka 1886. Alizungumza kama babu alivyozungumza jikoni, ile lafudhi ambayo watu wa parokiani waliicheka. Yule mwanamke akamkatiza.

"Ngoja kwanza, mama. Amerika ya wapi? Mbona unaongea kama marehemu bibi yangu? Wewe ni wa hapahapa. Wewe mtoto wa nani?"

Bronia akaishusha simu kidogo. Alinitazama nikadhani amesahau. Kisha akakaa wima kwenye kiti, akabana magoti, na akajibu kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Wa Wincenty. Mimi wa Wincenty Gawlik."

"Gawlik wapo wengi. Wa kinuni au wa mtoni?"

"Sijui, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka huku anacheka. "Nyumba yetu nambari thelathini na moja."

"Aa! Basi nyinyi wa mtoni."

Bronia akaiziba simu kwa kiganja, akanigeukia kana kwamba mimi sikusikia.

"Lodzia," aliniambia, "sisi ni wa mtoni."