Dira ya Stanislas Kilioni

Wakwe walikuwa wamekwisha kumhukumu dada yangu Lydie kabla chai haijachemka. Mumewe Stanislas, nahodha makini, amezamaje katika Ziwa Mweru, kwenye njia aliyoizoea? Basi ni mke. Hapa Kasungami mwanaume hafi bila mke wake kuulizwa, na mambo hayo siyavumilii.

Mama Angélique, mama wa marehemu, alikaa mkekani karibu na baffle, spika kubwa za kukodi, zilizokuwa zikipiga nyimbo za kilio.

"Leo atoke mu nyumba," alisema. "Batoto babakie. Ule ni muloji, alimuloga mwana yangu."

Lydie aliinamisha kichwa tu.

Ndipo akaingia Bwalya, mshika usukani wa Stanislas, aliyeokoka. Alikuwa ametoka Kilwa ya huko ziwani na lori la samaki, amebeba dira ya marehemu ndani ya kitambaa.

"Mama, brouillard, ile ukungu, ilikuwa mingi, hatukuona hata kilima. Lakini Stanislas alihesabu yote. Sindano haionyeshe kaskazini ya kweli, akarekebisha. Fer ya bateau, chuma yake, inaivuta, akarekebisha. Upepo inatusukuma pembeni, akarekebisha. Na tulipanda juu ya majiwe. Mpaka leo sijue juu ya nini tulipotea njia."

Akapiga magoti kumkabidhi mama dira ya mwanawe. Sindano ikageuka, ikaelekea baffle. Akairudisha nyuma, ikatulia. Akaisogeza tena, ikageuka tena. Uso ukamshuka.

"Mama... zile baffle kama hizi, ulitupatia safari ile tupeleke ku kilio ya Pweto..."

"Nilisema muziweke mu cabine, zisilowane. Ni mbao tu!"

"Tuliziweka pembeni ya busole, hii dira. Na siye tulisema ni mbao tu. Kumbe ndani muko sumaku."

Nani angemkatalia mama mzazi nafasi ya mizigo yake? Hata Stanislas, aliyekataa abiria wasimpandie na sufuria karibu na dira, hakuweza.

Mama Angélique akainuka, akachomoa waya wa baffle kwa mikono miwili. Wimbo ukakatika. Akarudi kuitazama dira. Sindano ilikuwa palepale, imeelekea baffle.

"Sumaku haizimike, mama," alisema Bwalya, akilia.

Miguu ikamwishia nguvu yule mama. Mimi ningemwacha aanguke. Lydie ndiye aliyemdaka.