Kimya Kati ya Nyimbo Mbili

Kitendawili! Sema tega, hata kama umechoka. Nina barabara yangu: msafiri akishafika tu, yenyewe inayeyuka, usiione tena. Usikimbilie kunipa mji. Kaa hapo, jibu liko njiani linakuja.

Palikuwa na dada wawili, chumba kimoja, dirisha moja. Mdogo alikuwa fundi cherehani, mdomo wake mwepesi kuliko sindano. Mkubwa alifanya kazi maabara, akitengeneza utando mwembamba wa polima, yaani plastiki ambayo ikiwekwa mwilini huyeyuka pole pole, kama pipi ulimini.

Lakini utando mtupu haufai kuunga mshipa wa fahamu. Mshipa wa fahamu uliokatika ni kama kipofu, hauendi popote usiposhikwa mkono. Ukikuta mfereji mdogo, mdogo usioonekana kwa macho, unaufuata.

Na mifereji hiyo aliitoa wapi? Kwenye santuri ya marehemu baba yao! Alimimina mpira wa majimaji juu ya ile sahani nyeusi, ukakauka, akaubandua. Juu ya mpira akamwaga polima, nayo akaibandua. Mara ya kwanza alichagua penye wimbo, kwa mapenzi tu, na chembe hai alizozipanda juu yake zikayumba, kwa sababu mfereji wenye sauti nao unayumba. Ndipo akahamia ule ukanda wa kimya kati ya wimbo wa pili na wa tatu, mahali ambapo baba alikuwa akisema mwimbaji anavuta pumzi. Chembe zikajipanga kama wanafunzi mstarini. Wakubwa wa maabara wakaupima utando ule miaka na miaka, mpaka hospitali zikaukubali.

Basi siku moja kioo cha dirisha kikamwangukia fundi, kikamkata kifundo cha mkono. Gumba, shahada na cha kati, mpaka kiganjani, kote ganzi. Daktari akaagiza utando, na dada akautengeneza mwenyewe, pumzi ameibana. Daktari akaukunja kama mrija, akaziingiza humo ncha mbili za mshipa.

"Tuwe na subira," alisema. "Kwa siku mshipa unatembea unene wa ukucha tu."

Kila asubuhi, kabla ya kazi, dada alikaa kitandani kwa mdogo wake.

"Fumba macho. Nimegusa kidole gani?"

"Cha kati!"

"Hata sijagusa, mwongo wewe!"

"Basi nimetabiri. Nilipe."

Wakacheka. Lakini siku moja fundi alijaribu kushona kola nyeupe ya mteja. Sindano ikamchoma shahada, naye akaendelea kushona huku anapiga soga, mpaka dada alipoona damu kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo cherehani ilifunikwa shuka, na fundi akaacha kubahatisha. Dada akiuliza, yeye anageukia ukutani. Swali linabaki hapo, linaning'inia kama nguo kambani.

Kazini, akisubiri polima ikauke, mawazo ya dada yalikuwa yanampeleka mbali. Alimwona msafiri mdogo, peku, ndani ya bonde jeusi lililonyooka. Nyuma yake wimbo unaishia, mbele wimbo mwingine haujaanza. Kuta za bonde zinalainika, zinapungua, zinakuwa ukungu. Na kama barabara itayeyuka kabla msafiri hajafika? Hapo alishtuka, akaosha mikono tena kwa sabuni kali ya maabara, ingawa mikono yenyewe ilikuwa safi.

Mwezi wa nne ukaingia. Asubuhi moja dada akakaa tena kitandani.

"Fumba macho, mdogo wangu. Nimegusa kidole gani?"

Nje mtu anafagia, fagio linakwenda, linarudi. Kimya kikarefuka kama ule ukanda wa santuri. Dada alikuwa anataka kuinuka, fundi akakunja uso, macho bado ameyafumba.

"Hujagusa kidole, mwongo wewe. Umegusa kiganja, hapa kwenye mkunjo. Na mkono wako, dada, unakwaruza."