Kaskazini ya Saa ya Luhende

Jumanne saa nne asubuhi Luhende alivua saa mkononi, akaiweka juu ya meza ya Kelvin, fundi wa saa na simu nyuma ya soko la Mpanda, akasema dira yake haifai. Ilikuwa saa nyeusi ya mtumba, yenye mkwaruzo mmoja kwenye kioo. Muda ilikuwa inausema sawasawa. Tatizo lilikuwa kaskazini, kwa sababu kaskazini ya saa ile ilikuwa kusini-magharibi.

"Mzee, huwa unaiweka karibu na simu?" Kelvin aliuliza.

"Simu naiacha nyumbani kwa mgonjwa."

Kelvin alikuwa kijana wa utaratibu, na utaratibu ni kitu adimu nyuma ya soko. Alimwambia Luhende avue mkanda wenye bizimu ya chuma. Akasogeza spika ya redio, maana spika ina sumaku. Akaichomoa betri, akaweka mpya. Kisha wakatoka wote wawili, mbali na mabati na bodaboda, mpaka katikati ya uwanja wa mpira. Hapo Kelvin akainua saa na kuchora namba nane hewani, taratibu, mara tatu, ndivyo dira za namna ile zinavyorudishiwa akili. Saa ikalia kidogo kukubali. Mshale ukazunguka, ukatulia kusini-magharibi.

"Huko kuna nini, mzee?"

"Huko ni kwetu," Luhende alisema. "Zamani. Kabla ya kufika Kasekese."

Luhende hakuwa mtu wa mapambo. Saa aliinunua kwa jambo moja tu. Mama yake, Kabula, alikuwa amelala nyumbani Magamba, na hospitali ilikuwa imewaambia wamrudishe, ale anachopenda. Kabula hakutaka kula. Alitaka akifa azikwe kando ya mumewe, Mzee Kija, basi. Mzee Kija alizikwa kama anavyozikwa Msukuma mwenye mji, ndani ya zizi lake mwenyewe, na ng'ombe mia mbili wakapitishwa juu mpaka ardhi ikawa sawa. Hiyo ni heshima kubwa. Miaka minne baadaye, watu wa mji ule waliamka wakakuta vigingi vya hifadhi vimehamia upande wa huku wa nyumba zao, na mji wote umebaki ndani ya hifadhi. Nyumba zikabomolewa, mifugo ikaondolewa, vichaka vikaota.

Luhende alikuwa amekwenda mara mbili kwenye ofisi ya mipaka kuomba kibali cha kumzika mama yake mle ndani. Mara ya kwanza waliomba picha ya kaburi. Hakukuwa na saruji, msalaba wala tuta, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamefanya kazi yao vizuri. Mara ya pili walimpa fomu. Fomu ilitaka mwelekeo na umbali wa kaburi kutoka kwenye kigingi, vipimwe kwa dira.

Kelvin alisoma fomu ile, akaikunja. Alimwambia Luhende waende waipime saa Magamba pia. Magamba mshale uliegemea kidogo tofauti na mjini. Siku ya pili wakapanda gari pamoja hadi Kasekese, na pale mshale ukageuka kabisa, ukaelekea porini, nyuma ya vigingi. Kelvin alikuwa na dira nzima kwenye simu yake. Kila mahali alipima mshale umekengeuka kiasi gani, akachora mstari kwenye ramani. Mistari mitatu ikakutana mahali pamoja, padogo kuliko punje ya mpunga.

"Saa haijaharibika," alisema. "Inamwonyesha mtu. Hapa hakuna cha kutengeneza, mzee."

Luhende alifurahi mpaka akaona aibu. Alirudi Magamba akamwonyesha mama yake ramani, akamwekea kidole chake juu ya ile punje. Kabula alikiacha kidole pale muda mrefu.

"Ni yeye," alisema. "Baba yenu hakupenda kutafutwa mara mbili. Wahi kesho."

Ofisi ya mipaka ilikuwa na afisa anaitwa Benedikto, mtu mpole, ambaye hakuwahi kumwachia mgeni asimame. Alimkalisha Luhende, akaitazama ramani, akaiweka saa kwenye kiganja na kuigeuzageuza. Mshale haukuyumba.

"Kaburi lipo hapo," alisema. "Sina wasiwasi hata kidogo."

Akavuta droo. Ndani mlikuwa na saa ishirini na tatu, za kiume na za kike, nyingine mikanda imekatika. Kila moja ilikuwa na mshale wake umeelekea kwake.

"Hii ya mama Ernestine inaelekea kisima chake," Benedikto alisema. "Hii ya Onesphore inaelekea kwenye kanisa lao. Hii ilinihangaisha wiki nzima, nikagundua inaelekea kwenye mti wa mpapai. Zote ziko sahihi. Nimezikagua mwenyewe."

"Sasa naomba kibali, afisa. Mgonjwa hana siku nyingi."

"Fomu inataka kifaa kinachoonyesha kaskazini, mzee wangu. Hiki hakionyeshi."

"Nikileta kinachoonyesha?"

"Kinachoonyesha kaskazini hakitaliona kaburi."

Alisema bila ubaya wowote, na pengine alikuwa na huzuni kweli. Luhende alitamani afisa yule awe mtu mkali, amkasirikie, aondoke na kitu. Benedikto aliandika stakabadhi kwamba saa imepokelewa kwa uchunguzi, akaiweka kwenye droo, akaisukuma kwa nyonga ifunge kwa sababu droo ilikuwa imejaa.

Kabula alifariki Jumamosi adhuhuri. Asubuhi yake alikuwa ameuliza habari za kibali, Luhende akamwambia bado kinashughulikiwa, na huo ulikuwa uongo wa mwisho aliomwambia.

Walimzika Jumapili kwenye makaburi ya Magamba, ambako makaburi yote yamechimbwa kwa mstari mmoja, kufuata barabara. Jirani yao Melkior ndiye aliyesimamia wachimbaji. Jeneza liliteremshwa kwa kamba, likakaa chini vizuri. Kamba zilipotolewa lilianza kugeuka, polepole, pembe yake ikikwaruza udongo wa ukuta. Wanaume wawili wakashuka wakalinyoosha. Likageuka tena, likakwama palepale.

Melkior aliinama akatazama.

"Linakosa nafasi," alisema. "Leteni majembe tuongeze upana."

Waombolezaji walikaa chini kusubiri. Wachimbaji walichimba upande wa kichwani na upande wa miguuni, nusu saa nzima, mpaka jeneza likapata pa kupita. Likageuka kwa utulivu, likaelekea kusini-magharibi, likaacha kusogea.

Luhende alichukua koleo akaanza kufukia. Alikuwa na uchungu ambao hakujua amwambie nani. Kaburi la mama yake lilibaki mshazari katikati ya makaburi yaliyonyooka, na wiki iliyofuata mtunza makaburi aliwaletea barua ya kuwataka walinyooshe.