Susa Baraka Zako

Mwalimu wetu wa kwaya, Nicanor, alihangaika miaka mitatu na wimbo wake wa matoleo. Padri aliahidi kuusikiliza Jumapili. Ukimpendeza, utaimbwa parokia nzima. Usipompendeza, mwalimu aliapa hatatunga tena. Nilimwamini, kwa maana ni bingwa wa kununa.

Kiitikio ni "Shusha baraka zako." Lakini mwalimu ni mtu wa Siaya, na sh haijapata kumtoka. Kila siku humwamkia Bi Samiha, jirani wa ukuta wa kanisa letu hapa Bombolulu, "Sikamoo," naye huitika marahaba. Nasi nyimbo tunafunzwa kwa sikio. Akiimba vile, tunaimba vile, Wakamba na Wagiriama sote: susa baraka zako!

Jumamosi, katikati ya mazoezi, Bi Samiha alichungulia juu ya ukuta, mikono imejaa unga.

"Mwalimu, mwanangu, mwamwomba Mngu asuse baraka zake? Mjukuu wangu akisusa uji, hata kuuonja haonji!"

Tuliangua kicheko. Mwalimu alifunga daftari lake, akasema wimbo haupo tena. Roho iliniuma. Kosa nililisikia tangu siku ya kwanza, nikanyamaza ili nipate cha kuchekea nyumbani.

"Mwalimu," nikamwambia, "na wewe usisuse."

Akacheka bila kupenda. Tukakubaliana kwamba asiimbe, aongoze tu. Neno lile likifika, aweke kidole mdomoni, kama anyamazishaye mtoto: shh!

Jumapili, matoleo yakaanza kupelekwa altareni. Kidole kikapanda. Kwaya tukaimba "Shusha!" vizuri kabisa, lakini waumini waliokwisha kuanza kupiga makofi walikiona kidole wakanyamaza, hata kikohozi hakikusikika. Mwalimu akashtuka, akawageukia, akainua mikono yote miwili. Kanisa likalipuka! Mama Pascalia alicheza na kuku wake wa matoleo kwapani. Na mwalimu, kwa furaha, akajisahau akaimba kuliko sote: "Susa!"

Padri alitangaza palepale kwamba wimbo umepita. Nililia, sioni haya kusema.

Langoni Bi Samiha alikuwa akingoja na sahani ya mahamri.

"Sikamoo, Bi Samiha."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia, zimeshuka zote. Ila moja imesuswa na mwenye sauti nene. Hiyo nimekuletea mimi."